Kukagua Tahajia katika Majedwali ya Darasa kwa Njia ya Makro

Walimu wanafunzi wengi wamekwisha kuzoea kuweka majina na alama za darasa katika jedwali la kompyuta. Jambo wasilolitambua mapema ni kwamba programu ya Excel, tofauti na Word, haipigi mstari mwekundu chini ya neno lililokosewa. Kosa hukaa kimya ndani ya seli mpaka lifike katika hati rasmi. Tumepata kumwona kijana wa milima ya Upare ambaye jina la ukoo wake, Mbwambo, liliandikwa "Mbambo" katika orodha ya shule. Ilimpasa kushuka Same mara tatu kutafuta kiapo cha kuthibitisha kwamba yeye ndiye yeye.

Kitufe cha F7 huanzisha ukaguzi wa tahajia, na amri ya makro Application.CheckSpelling hupokea neno na kujibu kuwa ni sahihi au si sahihi. Lakini vyote viwili hutegemea kamusi iliyomo katika kompyuta. Ikiwa kamusi ni ya Kiingereza peke yake, karibu kila neno la Kiswahili litahesabiwa kuwa kosa. Jitihada za kuipa kompyuta lugha yetu si ngeni. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice. Hata hivyo, kamusi ya Kiswahili nayo haitazamiwi kumjua Mshana wala Mrutu, wala kujua kuwa Vudee huandikwa kwa e mbili.

Kwa hiyo tunapendekeza mwalimu aunde kamusi yake. Afungue karatasi ya pili, aiite Orodha, na katika safu A aandike majina ya koo na vijiji, akiyanakili kutoka vyeti vya kuzaliwa au kwa kuwauliza wazazi wenyewe. Kazi hii ndiyo nzito. Makro yenyewe ni mistari michache:

Sub KaguaMajina()
For Each seli In Selection
If seli.Value <> "" Then
If WorksheetFunction.CountIf(Sheets("Orodha").Range("A:A"), seli.Value) = 0 Then seli.Interior.Color = vbYellow
End If
Next seli
End Sub

Mwalimu huchagua seli, kisha huendesha makro. Kila jina lisilomo katika Orodha hupakwa rangi ya manjano. Amri hulinganisha seli nzima, hivyo jina la kwanza na la ukoo yakae katika safu mbalimbali, kila safu ikaguliwe kwa zamu. Herufi kubwa na ndogo haitofautishi.

Wako wanaopenda makro isahihishe yenyewe. Sisi hatukubali. Makro ikisha kubadili seli, amri ya kutengua haifanyi kazi tena. Na jina la mtoto si mali ya kompyuta. Rangi yatosha: mwalimu aitazame, amwite mwanafunzi, amwulize.

Katika somo, wape wanafunzi orodha yenye makosa, wayatafute kwa macho kwanza, ndipo makro iendeshwe. Tia humo "Gonja" mahali pa "Mgonja". Moja ni mahali, jingine ni jina la mtu, na yote mawili yamo katika Orodha. Seli hiyo itabaki nyeupe.