Mkono Uliolala Ungali Unaandika

Wako watu wadhaniao kwamba mtambo unaounganisha ubongo na kompyuta huchungulia dhamiri ya mtu na kuzianika siri zake, na dhana hiyo hatuna budi kuiondoa kabla ya kueleza jinsi aliyepooza awezavyo kumpelekea nduguye ujumbe bila ya kuinua kidole. Kinachosomwa si fikra, bali ni azma ya kiungo kutenda: amri ambayo ubongo hauachi kuitoa hata baada ya uti wa mgongo kuumia na njia ya kuufikia mkono kuzibika, mithili ya mwadhini aendeleaye kuadhini ijapokuwa mji umehamwa.

Mwaka 1988, katika Chuo Kikuu cha Illinois, Lawrence Farwell na Emanuel Donchin waliweza kuitambua herufi aliyoikusudia mtu kwa waya zilizobandikwa juu ya ngozi ya kichwa tu. Lakini kazi hiyo ilitoa herufi mbili au tatu kwa dakika, na kwa mwendo huo hata salamu huchosha.

Ama Francis Willett, Krishna Shenoy, Jaimie Henderson na wenzao, ambao mwaka 2021 walitangaza kazi yao iliyofanyika Stanford, walipita njia nyingine. Mtu aliyepooza tangu shingoni, ambaye ubongoni mwake vilipandikizwa vibamba viwili vidogo, kila kimoja na elektrodi 96, aliambiwa ajaribu kuandika kwa kalamu asiyoweza kuishika. Naye akaandika, kwa niyya tupu, herufi 90 kwa dakika, na zaidi ya 94 katika kila 100 zikasomeka sawasawa. Hapo kabla, kwa kuelekeza mshale kwenye herufi zilizopangwa kiooni, upeo ulikuwa kama herufi 40. Sababu ya tofauti hiyo ni latifu: mistari iliyonyoka hufanana, ilhali mapindo ya herufi hukhitilafiana, na kadiri mwendo wa mkono unavyojipinda ndivyo alama zake katika seli za neva zinavyopambanulika kwa wepesi.

Tangu hapo wataalamu wamegeukia usemi wenyewe, na mwaka 2024 wenzao wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walitangaza kuwa maneno ya mgonjwa mmoja yalisomwa kwa usahihi wa asilimia 97. Hata hivyo mitambo hii ingali ya majaribio, na kuipata ni kupasuliwa fuvu. Mwenye vidole vizima hana sababu ya kuitamani.