Kuhama Kutoka Mita Kwenda Tovuti

Kabla ya kutengeneza tovuti nilikuwa nikiandika programu za mita za umeme kwa lugha ya C, iliyotungwa na Dennis Ritchie huko Marekani mwaka 1972. Wengi huniuliza kama ilinipasa kuanza upya. La! JavaScript, lugha ya tovuti ya mwaka 1995, yafanana na C kwa mabano na masharti yake. Tofauti kubwa ni hii: mita niliijua yote, lakini tovuti hufunguliwa katika simu nisiyoijua na mtu nisiyemwona, naye aweza kuwa mwizi. Kwa hiyo kila anachoandika sharti kikaguliwe katika kompyuta yetu kabla ya kupokelewa. Atakaye kuhama asiogope, ujuzi hauzeeki.