Fahamu: Pikipiki iko uani, mkopo haujapita

Msowero, kwenye barabara ya Dumila kwenda Kilosa, bodaboda hubeba abiria, mpunga na mahindi. Vijana wengi nchini Tanzania hupata chombo hicho kwa mkataba: kianzio kwanza, kisha marejesho ya kila siku au kila wiki.

Balaa huanza muuzaji anapomruhusu mteja aondoke nacho kabla mkopeshaji hajaidhinisha mkopo. Marekani, kwenye magari, jambo hili linajulikana sana: siku chache baada ya kufika nyumbani mnunuzi hupigiwa simu. Mkopo umekataliwa, asaini masharti magumu zaidi au arudishe gari.

Je, chombo ni cha nani kwa wakati huo? Sheria ya Mauzo ya Bidhaa ya Tanzania, Sura 214, inasema umiliki huhama pale pande mbili zilipokubaliana uhame, na muuzaji anaweza kuuzuia mpaka sharti fulani litimie. Ndiyo maana kadi ya usajili ya Mamlaka ya Mapato (TRA) mara nyingi hubaki na jina la kampuni au la bosi hadi rejesho la mwisho. Kijana aliyeuza mbuzi wa familia apate kianzio ana haki ya kuelezwa hayo kabla hajawasha injini. Kumficha ni dhuluma.

Adai nakala ya mkataba, risiti, na kifungu kinachoeleza kianzio kitarudishwaje mkopo ukikwama. Aulize pia leseni ya mkopeshaji: chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, kampuni za mikopo zisizopokea amana hupewa leseni na Benki Kuu.