Mashine ya Kwanza ya Kuchomelea: Mshono Mzuri Waweza Kudanganya

Wazee husema: mchagua jembe si mkulima. Methali hiyo yafaa shambani, kwa maana jembe baya huchosha mikono tu. Lakini iko kazi nyingine ambayo asiyechagua chombo chake vema huhatarisha maisha ya watu. Ndiyo kazi ya mtu anayejiundia motokaa nyumbani kwake.

Wasomaji wapenzi, msidhani kwamba jambo hilo ni ndoto tupu. Huko Uingereza watu wengi wamelifanya. Mwaka 1957 kampuni ya Lotus, iliyoanzishwa na Colin Chapman, ilitoa motokaa ndogo nyepesi iitwayo Lotus Seven. Wanunuzi wengi waliipata vipande vipande, wakaiunga wenyewe. Kisha mwaka 1996 Ron Champion alitoa kitabu kinachofundisha namna ya kuunda motokaa ya mfano huo kwa paundi 250 tu, kwa kutumia injini na vyombo vingine vya motokaa kuukuu, kama vile Ford Escort. Motokaa za namna hiyo huitwa Locost, jina linalodokeza bei nafuu.

Chasisi yake, yaani mifupa ya motokaa, ni mabomba ya mraba ya chuma, upana milimita 25, na unene wa chuma chenyewe milimita 1.6 tu. Fundi huyakata, huyapanga juu ya ubao ulionyooka, huyabana kwa vipande vya mti yasicheze, kisha huyaunga kwa moto. Hapo ndipo kila anayeanza hujiuliza: Je, ninunue mashine gani?

Njia nne za kuunga chuma

Njia ya kwanza ni moto wa gesi mbili, asetilini na oksijeni. Wafaransa Fouché na Picard walitengeneza bomba lake la moto mwanzoni mwa karne ya 20. Moto wake hupita digrii 3,000, nao huyeyusha chuma vizuri. Lakini joto lake huenea mbali, na mabomba membamba hujipinda. Tena asetilini ni gesi ya hatari. Haifai kuwekwa nyumbani na mtu asiyeijua.

Njia ya pili ni umeme na kijiti cha chuma kilichopakwa dawa. Oscar Kjellberg wa Sweden, aliyeanzisha kampuni ya ESAB mwaka 1904, ndiye aliyebuni kijiti hicho. Dawa ikiungua hutoa moshi na gamba, navyo hukinga chuma kilichoyeyuka kisiharibiwe na hewa. Mashine hizo twaziona kando ya barabara za Bukavu na Lubumbashi, mafundi wakitengeneza milango na nondo za madirisha. Bei yake ni ndogo, haziogopi upepo, wala hazihitaji mtungi wa gesi. Kwa chuma kinene hakuna ubaya. Lakini juu ya bomba la milimita 1.6, mkono usiozoea hutoboa matundu badala ya kuunga.

Njia ya tatu huitwa MIG. Hapa mashine yenyewe husukuma waya mwembamba kutoka kwenye gurudumu lake, na gesi hutoka pamoja na waya ili kukinga chuma. Fundi hubonyeza kitufe na kuongoza mkono.

Njia ya nne huitwa TIG. Moto hutoka katika ncha ya tungsteni, na mkono wa pili hutia waya polepole. Mshono wake ni safi kuliko yote. Lakini mashine ni ghali, kazi huenda polepole, na kujifunza kwake kwahitaji subira kubwa.

Ipi basi ichaguliwe?

Kwa anayeanza, na kwa mabomba membamba kama hayo, MIG yenye gesi ndiyo ifaayo. Mashine ndogo ya ampea 150 hivi yatosha, ikiwa na waya wa milimita 0.6 au 0.8, na gesi ya argoni iliyochanganywa na dioksidi ya kaboni. Ziko pia mashine zisizohitaji gesi, kwa kuwa waya wake una dawa ndani. Hizo hufaa nje penye upepo, lakini hurusha cheche nyingi, na juu ya chuma chembamba ni vigumu kuzitawala.

Kabla ya kutoa fedha, uliza mambo matatu. La kwanza, umeme wa nyumba yako wafika wapi? Plagi ya nyumbani Uingereza ina fyuzi ya ampea 13, kwa hiyo mashine kubwa haiwezi kutumika hapo. Penye umeme dhaifu au jenereta ndogo, swali hili ni la lazima zaidi. La pili, mashine yaweza kufanya kazi kwa muda gani bila kupumzika? Ikiandikwa asilimia 20 kwa ampea 150, maana yake kwa nguvu hiyo huwaka dakika mbili katika kila dakika kumi. Hilo halimdhuru mwenye kuunga mabomba, kwani mishono yake ni mifupi. La tatu, je, umebakiza fedha za kinga ya uso, glovu za ngozi na mtungi wa gesi? Anayemaliza fedha zote kwa mashine hununua upofu. Mwanga wa moto huo huunguza macho hata ya mtoto anayechungulia mlangoni; basi mtundike pazia. Wala msichomelee chuma kilichopakwa zinki bila kuiondoa kwanza, kwani moshi wake huleta homa.

Hatari iliyofichika

Sasa sikilizeni neno lililo kubwa kuliko yote. Mashine ya MIG ni rahisi kwa mwanafunzi, na kwa sababu hiyo hiyo humdanganya kuliko nyingine. Kijiti kikitumiwa vibaya, ubaya huonekana wazi: matundu, madonge, gamba lililonaswa. Lakini MIG, umeme wake ukiwa mdogo mno au mkono ukienda mbio, huweza kulaza mshono laini juu ya chuma ambacho hakikuyeyuka. Jicho lasema kazi ni njema, kumbe umebandika tu. Siku gurudumu linapoingia shimoni, mshono huo hubanduka.

Dawa yake ni moja: vunja kazi yako mwenyewe. Chukua vipande vya bomba lile lile, viunge kwa umbo la herufi T, uvibane katika jiliwa, upige kwa nyundo mpaka kitu kiachie. Chuma kikipasuka kando ya mshono, umefaulu. Mshono ukibanduka na kuacha chuma kizima chini yake, ongeza umeme, punguza mwendo, uanze tena. Kipande kingine kikate kwa msumeno, ukilainishe kwa tupa, utazame kama kweli vyuma viwili vimekuwa kimoja. Fanya hivyo mara nyingi, mpaka mkono ufaulu kila mara, ndipo uiguse chasisi. Na pale panaposhikwa usukani na magurudumu, mwite fundi aliyezoea, si aibu.

Tangu mwaka 2009, huko Uingereza motokaa za namna hiyo hupitia mtihani wa serikali uitwao Individual Vehicle Approval kabla ya kwenda barabarani. Lakini mkaguzi hutazama mshono kwa nje. Haukati aone ndani. Na mke au mtoto atakayeketi kando ya dereva hataona hata huo wa nje, kwa kuwa utakuwa umefunikwa kwa rangi na bati. Anayejua ukweli wa mshono ni yule aliyeuchomelea, naye aujua tu ikiwa alithubutu kuvunja mishono yake ya kwanza.