Wanga wa Sumbawanga

Ukizunguka Dar es Salaam, Mbagala hadi Tegeta, hukosi kukutana na kibao kilichopigiliwa kwenye nguzo ya umeme: MGANGA TOKA SUMBAWANGA, na chini yake namba ya simu. Anarudisha mpenzi, anaondoa mikosi, anakamata mwizi. Kama mwenye namba amewahi kuiona milima ya Mbizi kwa macho yake ni jambo jingine. Kinachouza pale ni jina. Mfipa, mwenyeji wa Sumbawanga, aliyehamia mjini anaijua adha ya jina hilo vizuri. Akitaja tu kwao, kuna mtu atamuuliza kama alikuja kwa basi au kwa ungo. Radi ikipiga, wenzake wanamgeukia yeye wakicheka nusu, nusu wakimaanisha.

Jina lenyewe linasema kinyume kabisa. Kwa Kifipa, sumba ni tupa, na wanga ni uchawi, pamoja na vikorokoro vyake vyote vya kudhuru. Simulizi inayorudiwa mjini ni kwamba mgeni aliyetaka kupokewa alitakiwa kwanza autue wanga wake nje. Kila msimulizi ana namna yake ya kuianza na kuimaliza, lakini sarufi ya jina haiyumbi: kitenzi cha kuamuru, kisha kitu kinachotupwa. Mji uliobandikwa katazo umegeuzwa tangazo la kile kile unachokikataza.

Sura hii inaanzia hapo, kwenye neno hilo wanga, kwa sababu ni vigumu kupata neno moja linaloonyesha vizuri zaidi jinsi lugha za Kibantu zilivyogawana urithi, kila moja ikaenda kuutumia inavyotaka.

Mswahili wa pwani akisikia wanga, akili yake haiendi kwenye kitu. Inaenda kwa watu: wale wanaodaiwa kucheza uchi usiku wa manane, mmoja ni mwanga, wengi ni wanga, na kazi yao ni kuwanga. Inaweza pia kwenda kwenye wanga wa muhogo na viazi, ambao ni neno jingine kabisa lililoangukia sura ile ile, kama vile mwanga wa jua ulivyoangukia sura moja na mwanga wa usiku. Mfanano wa namna hii ndio unaowapoteza wengi wanaopenda kutafuta asili za maneno. Maneno mawili yakifanana kama mapacha, huo si ushahidi wa undugu. Ushahidi ni kanuni inayojirudia.

Basi tuitafute kanuni. Katika Kiswahili, ukitaka kutaja hali au dhana unaweka u- mbele ya shina: utu, uzee, ukali. Shina likianza na irabu, u- hugeuka w-: wema, wizi, wingi. Ukitaka kutaja watu wengi unaweka wa-, na likikutana na a ya shina zinaungana: mwana, wana. Sasa chukua shina -anga. Ukiweka u- ya dhana unapata wanga. Ukiweka wa- ya watu unapata wanga vilevile. Sauti moja, ngeli mbili. Mswahili amechukua ile ya watu, Mfipa ile ya dhana. Na kwa Mfipa hakuna utata, maana kiambishi chake cha watu wengi si wa- bali ni a-: Wafipa kwa lugha yao ni Afipa. Kwa hiyo anayesikia Sumbawanga kwa sikio la pwani anaweza kudhani mji unasema "watupeni wachawi", wakati wenyewe unasema "tupa uchawi". Tofauti hiyo ni kubwa kuliko inavyoonekana kwenye karatasi, nami nitairudia baadaye kidogo.

Ukitoka Sumbawanga, mji ulioko takriban mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, ukashuka kusini kupitia Matai hadi mpakani, unaingia nchi ya Wamambwe na Walungu, kisha Wabemba wa Zambia. Malcolm Guthrie, Mwingereza aliyezigawa lugha za Kibantu katika kanda zenye herufi na kuchapa kazi yake kubwa kati ya 1967 na 1971, aliziweka zote hizi kwenye kanda M: Kifipa ni M13, Kibemba ni M42. Kwa Wabemba, wanga wetu ni ubwanga. Endelea magharibi hadi kwa Waluba wa Kongo, ni bwanga, na wingi wake ni manga. Hapo ile b ya zamani bado ipo. Kiswahili kimeiangusha, kama kilivyofanya kwenye ubuntu wa wenzetu tukabaki na utu, na kama kilivyoilainisha kwenye abantu tukapata watu. Ukiona b inaanguka au inalainika mahali pale pale, neno baada ya neno, hapo ndipo unaweza kusema maneno haya ni ndugu.

Umbo likishakubali, utamu uko kwenye maana. Kwa Waluba bwanga ni dawa yenye nguvu ndani yake, na nguvu hiyo inaweza kulinda au kudhuru, inategemea nani kaishika. Kwa Wandembu wa kaskazini magharibi mwa Zambia, wanga imeegemea ubaya. Kwa Wanyakyusa, majirani wa Ufipa kwa upande wa kusini mashariki, Monica Wilson aliyefanya utafiti huko miaka ya 1930 alikuta jambo la kushangaza: amanga ni uwezo wa walinzi wa kijiji, wale wanaokesha katika ndoto kupambana na wachawi, na watu hao huitwa abamanga. Ukiliweka neno hilo kando ya manga ya Waluba, undugu unajitokeza. Shina ni lile lile, ila kwa Wanyakyusa limekuwa askari na kwa Wandembu mhalifu.

Kijerumani na lugha jamaa zake nazo zina kisa kama hiki. Kwenye ufukwe wa Ziwa Tanganyika, pale Kasanga, Wajerumani walijenga boma wakapaita Bismarckburg. Waingereza walilitwaa mwaka 1916. Afisa aliyeondoka na afisa aliyeingia wote walikuwa na neno gift vinywani mwao. Kwa Mwingereza ni zawadi. Kwa Mjerumani ni sumu. Mswidi akiliandika ni sumu pia, na vilevile ni mtu aliyeoa au kuolewa, nadhani bila kukusudia mzaha. Mzizi wa yote ni kutoa, kupa: kilichotolewa kinaweza kuwa cha heri, kinaweza kuwa dozi ya kuua, anaweza kuwa binti aliyeozwa. Jacob Grimm, ambaye wengi wanamjua kwa hadithi za watoto, ndiye aliyeeleza mwaka 1822 kanuni za mabadiliko ya sauti katika lugha hizo. Carl Meinhof alipochapa mwaka 1899 kitabu chake juu ya fonolojia ya Kibantu, alikuwa anafuata njia hiyo hiyo.

Tena wanga haikuishia Afrika. Watumwa waliochukuliwa Kongo na Angola waliivusha Atlantiki, na hadi leo Haiti wanga ni hirizi au uchawi. Kuba wana nganga, chungu cha chuma kinachohifadhi roho katika dini ya Palo. Neno hilo la pili ndilo linalotuleta kwa mganga.

Watu wengi huyaweka mganga na wanga katika ukoo mmoja, na sikio linawashawishi. Lakini shina la mganga ni -ganga, na g yake ya kwanza ni sehemu ya mwili wa neno. Tunalo kitenzi, kuganga, na ndiyo maana tunasema yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Tuna gango pia, kile anachofungia fundi mbao mbili zishikane. Rwanda na Burundi umuganga ni daktari wa hospitali. Kinshasa monganga ni daktari, nganga ni wa miti shamba. Kwa Washona ni n'anga, kwa Wabemba shing'anga, na Wafipa wanasema sing'anga. Ile g imekwenda wapi? Imemezwa. Weka n mbele ya -ganga; kwa kuwa silabi inayofuata nayo ina sauti ya puani, g inayeyuka na kubaki ng'. Wanaisimu wanaiita kanuni ya Meinhof.

Na si- ya mbele pia ina habari. Ufipa ilijulikana kwa chuma. Tanuru zake ndefu za udongo, zilizozidi kimo cha mtu, ziliitwa malungu, moja ni ilungu, na mabaki yake bado yamesimama mashambani. Bwana wa kazi ile aliitwa silungu. Kwa Wabemba shi- maana yake ni baba wa, mwenye: basi silungu ni mwenye tanuru, sing'anga ni mwenye uganga. Ni vyeo vya ufundi. Na silungu naye alikuwa na kikapu chake cha dawa, intangala, kwa sababu madini hayakuyeyuka kwa moto peke yake, au ndivyo kila mtu pale tanuruni alivyoamini. Mtu yule yule alijua mkaa, udongo na dawa. Dola yetu imeendeleza heshima hiyo bila kujua: kila hospitali ya mkoa ina Mganga Mfawidhi, naye hakasiriki kuitwa hivyo.

Aliye upande wa pili ni mlozi. Mzizi wake ni kuloga au kuroga, na ule mgeuko wa g au d kuwa z unautumia kila siku: jenga, mjenzi, penda, mpenzi, linda, mlinzi, loga, mlozi. Ile -i ya mtenda kazi huilainisha konsonanti inayoitangulia. Wakikuyu hawakuigeuza, wana murogi, Waganda wana mulogo, Wanyarwanda umurozi, Wabemba umuloshi, Wanyakyusa abalosi, Wakongo ndoki, Washona muroyi, Watswana moloi. Kutoka Mlima Kenya hadi Kalahari mtu huyu anaogopwa kwa jina moja. Hata kwenye soka, timu ikipoteza penalti tatu, shabiki wa Kitanzania atasema aliyetuloga kafa, yaani hata wa kututegua hayupo tena.

Sasa nirudi kwenye tofauti ya kutupa watu na kutupa kitu. Miaka ya 1930 walitokea Nyasaland, Malawi ya leo, vijana waliojiita bamuchapi. Mwanaanthropolojia Audrey Richards aliwaona kwa Wabemba na akaandika habari zao mwaka 1935. Jina linatokana na kuchapa kwa Kinyanja, yaani kufua nguo. Walikuja kuwafua watu uchawi. Wanakijiji walipangwa mstari, wakatazamwa kwenye kioo, wakasalimisha pembe na hirizi, wakanywa dawa. Pembe zilizorundikwa, Richards alipozikagua na wenyeji, nyingi mno zilikuwa na dawa za kawaida tu. Wimbi la namna hiyo lilifika Ufipa mwanzoni mwa uhuru, 1963 na 1964, na Roy Willis, aliyekuwa akifanya utafiti huko, aliliandika kwa jina lake la pale: Kamchape. Mswahili akilisikia jina hilo atadhani ni amri: nenda kamchape, mpige viboko. Kumbe ni kufua.

Harakati hizo hazikuwa za upole. Mtu aliyenyooshewa kidole mbele ya kijiji kizima aliumia, na serikali ya kikoloni na ya uhuru zote zilikuwa na sheria ya uchawi, iliyotungwa upya mwaka 1928, ya kuwabana wapiga ramli wa aina hiyo. Lakini mantiki yake ndiyo ya jina la mji: pembe itupwe, mtu abaki kijijini. Vikongwe wanaouawa kwa macho mekundu ya moshi wa jikoni wanauawa na mantiki nyingine, ile ya kutupa watu, nayo haiwezi kusingiziwa Kifipa.

Kwa msomaji mwenye nyanya au babu Laela, Mpui, Namanyere au Kirando: waulize sumba na wanga kwa lafudhi ya kwao, uandike wanavyotamka pamoja na jina la kijiji. Matamshi hutofautiana hata ndani ya tambarare moja, na wanaoyakumbuka ya zamani wanazidi kupungua.