Vitufe Kwanza, Vikolombwezo Baadaye

Muuzaji alikiwasha kinanda, akabonyeza kibonyezo cha onyesho, na duka zima likajaa muziki: ngoma, besi, tarumbeta, vyote kwa mpigo mmoja. Wapita njia wawili wakasimama mlangoni kusikiliza. Kijana wa kwaya yetu, niliyemsindikiza Kariakoo Jumamosi ile, akanigeukia macho yanang'aa. "Mwalimu, hiki kina sauti mia nne!"

Nikamwomba muuzaji azime onyesho. Kukawa kimya. "Haya mwanangu, nipigie do, mi, so." Akapiga, vizuri kabisa, kuanzia C. "Sasa do ihamie D." Mkono wake ukaacha vitufe vyeupe na vyeusi, ukaenda juu kwenye vibonyezo, kutafuta kile wapiga vinanda wetu wanachokiita transpozi.

Kijana huyu hakuwa anatafuta kinanda cha kupigia harusini. Shida yake, alivyoniambia kwenye daladala, ilikuwa kuelewa: kwa nini sauti ya tatu inaimba pale inapoimba, kwa nini wimbo uliokuwa na furaha unageuka majonzi kwa kubadili noti moja tu, watunzi wanajuaje besi iende wapi. Hayo ndiyo mambo ya nadharia ya muziki. Na kinanda cha kufundishia nadharia hakichaguliwi kama kinanda cha kuchangamsha ukumbi.

Kwanza, kwa nini kinanda na si gitaa, ambalo ni rahisi kubeba na halihitaji umeme? Ukipiga uzi wa kwanza wa gitaa bila kuubana, unapata E. E hiyo hiyo ipo kwenye uzi wa pili, kituo cha tano. Ipo tena uzi wa tatu, kituo cha tisa. Na uzi wa nne, kituo cha 14. Mpiga gitaa stadi anaufurahia utajiri huo, lakini anayeanza nadharia unamchanganya. Kwenye kinanda kila noti ina makazi yake mamoja. Kushoto ni chini, kulia ni juu. Vitufe 12, saba vyeupe na vitano vyeusi, kisha mpangilio unajirudia. Kati ya E na F hakuna cheusi, kati ya B na C hakuna cheusi, na katika mapengo hayo mawili imelala siri yote ya ngazi ya do-re-mi: mi na fa zimekaribiana kwa nusu toni, ti na do vivyo hivyo, hatua nyingine zote ni toni nzima. Unaliona kwa jicho kabla hujalisikia kwa sikio. Sijui chombo kingine kinachoonyesha jambo hilo waziwazi hivyo.

Ndipo narudi kwenye kile kibonyezo cha transpozi. Mimi mwenyewe nilipiga kinanda kanisani kwa miaka sita mikono yangu ikiishi kwenye C. Karatasi ikiandikwa "Do ni F", nilipandisha transpozi kwa nusu toni tano. Ikiandikwa "Do ni E flati", nusu toni tatu. Waimbaji waliridhika, nami niliamini ninajua. Siku moja tulialikwa parokia nyingine, tukakuta kinanda chao kimeharibika na ukutani kuna piano kuukuu ya mbao, isiyo na kibonyezo chochote. Wimbo wa mwanzo ulikuwa Do ni E flati. Nilikaa pale na vitufe 88 mbele yangu, nikashindwa kupata kodi ya kwanza. Mwalimu wa kwaya aliwaanzishia kwa mdomo, wakaimba bila ala misa nzima. Uchungu wa siku ile ndio ulionipeleka kuanza masomo upya nikiwa na miaka 31.

Kibonyezo kile kinatenganisha jicho na sikio. Unabonyeza C, inalia E flati. Mpiga gitaa la besi akikuuliza "tupo ufunguo gani?" unamjibu C, naye anapiga C yake ya kweli, na bendi nzima inavurugika. Kibaya zaidi, hujui kamwe kwa nini ngazi ya D inadai F shapu na C shapu, kwa sababu hukuwahi kulazimika kuzitafuta.

Najua watakaonipinga, na hoja yao ina uzito. Sisi tumelelewa na sol-fa, na katika sol-fa do inahama. Mapokeo hayo yalitengenezwa Uingereza na Sarah Ann Glover, mwalimu wa Norwich, kisha Mchungaji John Curwen (1816–1880) akayaboresha na kuyaeneza ili watu wasio na uwezo wa kulipia masomo ya noti za mistari waweze kuimba kwa karatasi. Wamisionari wakayaleta Afrika, na yakaota mizizi kuliko hata huko yalikotoka. Enoch Sontonga wa Afrika Kusini, mwalimu wa shule na kiongozi wa kwaya, aliyetunga mwaka 1897 wimbo uliotupa tuni ya Mungu Ibariki Afrika, ni mtu wa dunia hiyo hiyo ya d, r, m, f. Mwimbaji wa sol-fa anajua jambo kubwa ambalo wanafunzi wengi wa piano hulikosa: uhusiano wa sauti na sauti. Anasikia kwamba fa inavuta kwenda mi, na ti inalilia do. Kinachokosekana kwake ni mahali. Kinanda kinakuja kumpa mahali, na kibonyezo cha transpozi kinamnyang'anya kile kile alichokinunulia kinanda.

Kwa hiyo dukani usihesabu sauti. Hesabu vitufe. Na tena usiogopeshwe na anayekwambia kwamba bila vitufe 88 hujanunua kitu. Kinanda cha kawaida cha vitufe 61 kina oktavo tano, kuanzia C iliyo oktavo mbili chini ya C ya kati. Besi wa kwaya akishuka hadi E yake ya chini, bado yumo ndani. Soprano akipanda hadi A ya juu, yumo, na vitufe vinabaki. Harmonia yote ya sauti nne unayoweza kuitunga kwa ajili ya kwaya inaenea humo. Hata vitufe 49 vinatosha kwa hesabu hiyo, ingawa mikono miwili itabanana. Vya 25, vinavyouzwa kwa watengeneza muziki wa kompyuta, viache: mkono wa kushoto hautapata pa kuketi.

Upana wa kitufe una maana kubwa kuliko watu wanavyodhani. Nenda na rula. Vitufe saba vyeupe, kuanzia C hadi B, vipime takribani sentimita 16 na nusu. Vikipungua sana, umeshika kinanda cha watoto, na siku utakapoketi mbele ya kinanda cha kawaida vidole vyako vitakuwa vimejifunza umbali usio wa kweli.

Je, kitufe kinachoitikia nguvu ya kidole ni lazima? Kwa nadharia tupu, hapana. Ogani za makanisa makubwa haziitikii nguvu ya kidole, na vizazi vya wanafunzi wa Bach vilijifunza utunzi juu yake. Lakini mimi ningelipia. Ukipiga kodi ya sauti nne na kukikaza kidole kimoja tu, sauti ya tatu inajitokeza katikati ya wenzake, unaisikia tena inavyotembea. Zoezi hilo limenifundisha kuongoza sauti kuliko kitabu chochote. Kati ya kinanda chenye sauti 400 kisichoitikia kidole na chenye sauti 50 kinachoitikia, chukua cha pili bila kusita.

Na kuhusu hizo sauti, utahitaji mbili. Sauti ya piano hufifia, hivyo inakufundisha mwendo na kukuonyesha kila noti inapoanza. Sauti ya ogani haifi hadi uinue kidole, hivyo inafaa kusikilizia umbali kati ya noti mbili. Shika C na E flati kwa ogani, usikilize kwa utulivu, kisha ondoa E flati uweke E. Nusu toni moja imehama, na chumba kizima kimebadilika hali. Ndilo jibu la swali la yule kijana kuhusu furaha na majonzi. Ukitumia ile ridhimu ya kidole kimoja, inayotoa kodi nzima kwa kubonyeza kitufe kimoja, hutalipata jibu hilo, kwa kuwa mashine imekuchagulia noti ya tatu kabla hujajiuliza.

Cha mtumba? Nunua, ila kwa macho makavu. Zima onyesho, punguza sauti, piga kitufe kimoja kimoja kuanzia kushoto kabisa, polepole, kwa nguvu ile ile. Kinachonyamaza, au kinachopasua sauti ghafla kuliko jirani zake, kina uchafu au uchakavu kwenye mpira wa chini. Kisha uliza adapta. Vinanda vingi vya Yamaha hutumia volti 12 na chanya iko katikati ya plagi. Casio nyingi za zamani ni volti 9 na hasi ndiyo iliyo katikati. Plagi zinaweza kufanana na kuingia vizuri, na kinanda kikaungua. Nyuma ya kinanda kuna mchoro mdogo wa duara wenye alama za + na −. Ulinganishe na wa adapta kabla ya kuchomeka. Kinachokubali betri ni bora zaidi, kwa sababu umeme haukatiki kwa kufuata ratiba ya mazoezi.

Piano ya mbao ni chombo kitukufu, nami sitamvunja moyo aliyejaliwa nayo. Ndani yake kuna nyuzi kama 230 zinazovuta fremu ya chuma kwa uzito wa tani nyingi, na unyevu wa pwani unaingia kwenye mbao na kwenye sufu za nyundo. Vitufe hugandamana wakati wa masika, nyuzi hupata kutu. Bila fundi wa kuikaza mara kwa mara, piano ya Tanga au Mombasa itakufundisha noti zisizo sawa, na sikio changa huamini linachosikia. Hapo kinanda cha umeme kinashinda: C yake ya leo ndiyo C yake ya mwakani.

Lakini kuna muziki wetu mmoja ambao usawa huo hauufai. Kinanda kimegawanya oktavo katika sehemu 12 zilizo sawa, senti 100 kila moja. Taarabu ya asili ya Unguja inapita katikati ya sehemu hizo. Chukua ngazi, au maqam, iitwayo rast, inayoanzia C: hatua yake ya tatu haiko kwenye E wala E flati, inakaa kati, na ya saba vivyo hivyo, kati ya B flati na B. Mpiga udi anaipata kwa sababu shingo ya udi haina vituo, mpiga fidla kadhalika. Mwenye kinanda cha kawaida anaigusa E au E flati, na wazee waliokua na Ikhwani Safaa, kikundi kilichoanzishwa mwaka 1905, watakwambia papo hapo kwamba umekosea. Vipo vinanda vinavyoruhusu kushusha noti moja moja kwa senti 50, vingi vikiwa vimetengenezwa kwa ajili ya soko la Waarabu. Kama taarabu ndiyo unayotaka kuielewa, uliza hilo kabla ya kuuliza idadi ya vitufe. Nasikitika kila ninapoona kijana wa Zanzibar anajifunza nadharia kwenye chombo ambacho hakiwezi kutamka muziki wa bibi yake.

Tundu la USB nalo liangalie. Kebo moja kwenda kwenye kompyuta, programu ya bure kama MuseScore, na unachopiga kinaingia kwenye karatasi kikiwa noti za mistari. Kwa mtu wa sol-fa hiyo ni daraja: anajua wimbo, anaupiga, anauona ulivyo kwenye mistari mitano. Angalia tu usije ukauziwa kile kisicho na spika, kinachotegemea kompyuta kutoa sauti. Vinafanana sana, na ukifika nyumbani kinabaki bubu.

Tulirudi Kariakoo Jumamosi iliyofuata. Kijana alichagua cha mtumba cha vitufe 61, vinaitikia kidole, kina mkwaruzo ubavuni na adapta yake halisi. Vitufe vyote tulivipiga kimoja kimoja, muuzaji akitusubiri kwa subira ambayo namshukuru. Jioni ile tulikata kipande cha plasta tukakibandika juu ya kibonyezo cha transpozi. Nikamwandikia ratiba: wiki ya kwanza Do ni C, ya pili Do ni G, ya tatu Do ni F, ya nne D, ngazi na kodi tatu za kila ufunguo, akiimba sol-fa kwa sauti wakati vidole vinatembea.

Wiki ya nne alinipigia simu saa tatu usiku. Hakusalimia. "Mwalimu, nimeziona. F shapu na C shapu. Ukitaka mi na fa zikae karibu, na ti na do zikae karibu, hakuna njia nyingine." Kisha akaweka simu juu ya kinanda ili nisikie.