Anza na Karatasi: Rangi za Maji Kwenye Uwanda wa Makonde

Ukisimama Shimo la Mungu pale Newala asubuhi, uwanda wa Makonde unakatika ghafla mbele yako na bonde la Ruvuma linafunguka mpaka Msumbiji. Kilima cha karibu ni kijani iliyokolea, cha nyuma yake kimepauka, na cha mwisho kabisa ni bluu hafifu inayokaribia kufanana na anga. Sijui rangi inayouchora umbali wa namna hii vizuri kuliko rangi za maji. Tabaka lake ni jembamba kiasi kwamba mwanga hupenya, hugonga weupe wa karatasi, kisha hurudi machoni ukiwa umebeba rangi. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, jirani zetu wa magharibi, alichora kwa rangi za mafuta zinazong'aa juu ya hadibodi. Rangi zile hufunika kabisa kilicho chini yake, hivyo hata ubao wa kahawia ulimtosha. Kwa rangi za maji haiwezekani. Mwanga wote wa picha unatoka kwenye karatasi.

Ndiyo maana ushauri wangu kwa anayeanza Tandahimba, Newala au Masasi ni huu: hela ya kwanza nunua karatasi nzuri. Brashi moja ya wastani inatosha. Rangi, kama nitakavyoeleza, nyingine unazikanyaga kila siku.

Steshenari nyingi za wilayani zina karatasi za A4 za kuchapishia na manila, na mwanafunzi huanza na hizo kwa kukosa nyingine. Karatasi ya A4 ya kawaida ina gramu 80 kwa mita ya mraba, yaani karatasi moja ina uzito wa gramu 5 tu. Nyuzi zake za selulosi hupenda maji, na zikilowa hunenepa sana lakini hazirefuki kwa kiasi hicho. Kwa kuwa mashine ya kiwandani huzilaza nyuzi nyingi kuelekea upande mmoja, karatasi hutanuka zaidi kwa upande wa pili. Hapo ndipo mawimbi yanapoinuka, na rangi yote hukimbilia kwenye mabonde. Manila ni nzito zaidi, ila uso wake umeshindiliwa. Ukirudisha brashi mara tatu mahali pamoja, nyuzi huanza kuchambuka.

Karatasi nzuri ya rangi za maji mara nyingi huwa na gramu 300 kwa mita ya mraba. Huo uzito peke yake hautoshi. Kinachoitofautisha zaidi hakionekani kwa macho: imetiwa jelatini au kitu kama hicho, ili maji yazame polepole badala ya kunywewa papo hapo. Chembe za rangi hubaki juu, karibu na mwanga, na wewe unapata dakika za kuzisogeza. Jaribio lake ni rahisi. Dondosha tone la maji kwenye kipande. Likitoweka mara moja na doa likatokea upande wa nyuma, iache. Likikaa juu likizama taratibu, hiyo inafaa.

Kisha kuna suala la pamba. Nyuzi za pamba ni ndefu, imara, na ni selulosi karibu tupu. Mbao zina lignini inayozigandisha nyuzi pamoja. Isipoondolewa kiwandani, karatasi hugeuka njano juani, jambo ambalo kila aliyewahi kuacha gazeti dirishani amelishuhudia. Zipo karatasi za mbao zilizosafishwa vizuri zisizo na asidi, na kwa mazoezi ya kila siku zinafaa, tena ni nafuu. Hata hivyo nasisitiza kwamba anayeanza awe na pamba japo kidogo. Karatasi ya pamba hubaki mbichi kwa muda mrefu zaidi, na anga huchanganyika bila kuacha mistari. Wengi huacha kuchora wakidhani mkono wao ni mzito, kumbe karatasi ndiyo iliyowaangusha.

Karatasi kamili ya pamba ina vipimo vya sentimita 56 kwa 76. Ukimwagiza mtu anayetoka Dar es Salaam akuletee moja, ikate vipande vinane vya sentimita 28 kwa 19. Tumia pande zote mbili, upate picha kumi na sita. Kuhusu uso, chagua wenye mikwaruzo ya wastani; ule laini kabisa na ule wa mabonde makubwa una shida zake ambazo si za mwezi wa kwanza.

Sasa rangi. Rangi za maji ni unga wa rangi uliosagwa sana, gundi inayoyeyuka majini, na kitu cha kuzuia ukavu, kama asali. Ile rangi ya maji ya kupaka ukutani usiitumie hapa: gundi yake ni ya plastiki, ikishakauka haiyeyuki tena. Gundi inayotumika duniani kote hutoka kwenye mti wa jamii ya mgunga, na Sudan ndiyo huivuna kwa wingi kuliko nchi nyingine. Lakini mkorosho nao hutoa gundi ya namna hiyo. Ni yale mabonge ya rangi ya asali yanayoganda pale gome lilipojeruhiwa, na yamejengwa hasa kwa sukari ya galaktosi, sawa na gundi ya mgunga. Watafiti wa Brazil, mkorosho unakotokea, wameichunguza kama mbadala wake.

Basi okota mabonge yaliyo safi kwenye mti ambao tayari unayatoa, usiujeruhi mwingine. Yaloweke usiku kucha, uchuje kwa kitambaa, uongeze asali kidogo na tone la mafuta ya karafuu kuzuia ukungu. Usichanganye gundi hii na mafuta ya ganda la korosho; yale huunguza ngozi.

Unga wa rangi nao ni udongo mwekundu wa uwanda wenyewe, ambao wekundu wake ni chuma kilichoungana na oksijeni. Koroga udongo kwenye ndoo ya maji, subiri mchanga uzame, mimina maji yenye tope kwenye chombo kingine, uyaache yatuame. Tope laini linalobaki chini likaushe, kisha ulisage kwa gundi juu ya kigae kwa kitako cha chupa. Rangi ikikauka karatasini, ipitishe kidole: ikiacha vumbi, gundi haikutosha, ikipasuka, imezidi. Udongo wa njano ukiuchoma motoni hupoteza maji yaliyo ndani ya madini yake na kuwa mwekundu, kwa hiyo shimo moja linaweza kukupa rangi mbili.

Rangi ya udongo haifi. Michoro ya miambani ya Kondoa, iliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006, ina wekundu wa chuma hicho hicho. Manjano ya jikoni, kwa upande mwingine, huvutia siku ya kwanza kisha jua huivunja. Penseli nayo haififii. Mwaka 1906 Mjerumani Karl Weule alipita Masasi, Newala na Mahuta, akawapa wapagazi wake na wenyeji penseli na karatasi wachore. Baadhi ya michoro hiyo aliichapisha katika kitabu chake cha 1908. Penseli ni kaboni, na mwanga hauiwezi.

Kwa rangi za dukani, usisome jina, soma namba ndogo iliyo kwenye tyubu. PB29 ni bluu imara. PY154 ni njano imara. PV19 ni nyekundu ya kuelekea waridi, nayo hudumu. PR83 iepuke, hufifia. Kisanduku kisicho na namba yoyote kijaribu kwanza: paka mstari wa kila rangi, funika nusu kwa kadibodi, ubandike dirishani penye jua kwa miezi miwili, kisha ufunue na kulinganisha.

Bluu, njano na waridi hizo tatu, pamoja na udongo wako, zinatosha mwaka mzima. Kijani cha mkorosho kichanganye mwenyewe kwa bluu na njano, ukitia udongo kidogo ili kisiwe kikali. Majani machanga, ambayo hutoka na wekundu, anza nayo kwa udongo. Na wakati wa mvua karatasi iliyobaki ifunge kwenye nailoni kavu, kwa sababu unyevu huiharibu ile jelatini, na karatasi yako ya bei ghali itaanza kunywa maji kama ya rimu.